Majina ya Kina Mama Niliyoyaruka

MARIAMO KATOKA EDA!!! Jana, saa nne asubuhi, kule Pemba yetu ya Msumbiji! Na hakutoka kwa sababu siku zimetimia, zilikuwa bado thelathini na mbili. Katoka kwa sababu mume aliyekuwa anamkalia eda kashuka kwenye gari, kasimama mlangoni na mfuko wa karanga mkononi, kapiga hodi. Mzima! Ndevu tu ndo zimezidi. Mama yake Mariamo kaangusha kikombe, watoto wakajificha nyuma ya pazia, na Mariamo mwenyewe kaingia chumbani akatoka kajifunga kanga nyekundu. Nyekundu, nyie! Nilitumiwa video, nimeitazama mara ishirini, megas za intaneti zimeisha, sijali.

Nikaruka mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Halafu nikaingia ndani nikalia, maana aliyemuweka Mariamo eda ni mimi. Mimi Zaida, miaka kumi na sita, hapahapa Palma. Kidole changu hiki.

Lakini hamtaelewa kitu kama sijawaambia kwanza kuhusu Shangazi Rachida.

Shangazi Rachida ni dada mkubwa wa baba yangu. Anakaanga bajia sokoni, ukimkumbatia ananukia dengu na kitunguu hata siku ya Idi. Shule ya serikali aliacha darasa la pili, Kireno chake ni "bom dia" na "não tem" basi. Lakini herufi za Kiarabu anazo tangu madrasa, na kwa herufi hizo anaandika Kiswahili chetu, kulia kwenda kushoto, mbio kuliko mimi ninavyochati. Anaandika nini? Watu. Nani kamzaa nani. Ana kaderno saba za shule, zile zenye picha ya mpira kwenye jalada, kazifunga nailoni, kaziweka kwenye ndoo ya mfuniko.

Mwaka ule tuliokimbia vita, ndoo hiyo ndo aliibeba kichwani. Baba akampigia kelele njiani:

"Rachida! Watu wanabeba unga, we unabeba makaratasi?"

"Unga nitaomba kwa yeyote. Jina la bibi yake babu yako nitaliomba kwa nani? Kwako wewe usiyejua hata mwanao kazaliwa mwezi gani?"

Baba akaongeza mwendo. Kweli hajui. Mpaka leo anasema mimi nilizaliwa "kwenye mvua".

Huko kambini ndo kazi ilipochanganya. Watu walikuwa wamepoteza bilhete zao, vile vitambulisho, na ukienda kuomba bilhete nyingine afisa anakuuliza: baba yako nani, mama yako nani, babu yako nani, alizaliwa wapi. Watu wazima wanakaa wanatoa macho. Shangazi akaanza kukaa karibu na bomba la maji, kila anayeweka ndoo kwenye foleni anaulizwa: "We wa nani? Mama yako wa wapi? Bibi yako mzaa mama je?" Watoto wakampa jina, Shangazi Registo, kama ile ofisi ya kuandikisha watu. Akipita wanaimba, "Registo, Registo, niandike na mbuzi wetu!" Anacheka. Custódio, jirani yetu mmakonde, anamwambia, "Mama, niandike na mimi niwe mmwani kama nyie, nipate bajia za bure." Shangazi anamjibu, "We nimeshakuandika, kwenye ukurasa wa wezi wa bajia."

Ana sheria zake, na hazivunji. Haulizi msibani mpaka siku ya tatu ipite. Jina moja anauliza watu wawili ambao hawajakutana, na pembeni anaandika limetoka kwa nani. Na ya mwisho, hii ndo nataka muishike: mwanaume yeyote bila jina la mama yake, kwake bado hajaandikwa.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, halafu nyuma linakaa la baba. Kwa hiyo Amido anamzaa Abudo, Abudo anamzaa Amido, Amido anamzaa Abudo, twende hivyohivyo mpaka kiama. Kwenye ukoo wetu kuna Amido Abudo wa Bi Atija, huyo ni mzee, kafa kabla mimi sijazaliwa, kazikwa Mbau. Na kuna mjukuu wake, Amido Abudo wa Bi Zainabo, fundi wa kujenga, wa Quiterajo, huyo mimi namwita kaka. Ukiwatoa kina mama hapo, unabaki na mtu mmoja.

Sasa mimi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Shangazi akaniita. Macho yamemchoka, mistari inaogelea, ndo maneno yake. Na Shaabani inakuja. Kila mwaka kwenye Shaabani, kabla ya kufunga, kila nyumba yetu inasoma dua na kutaja marehemu wake wote kwa majina. Zamani tulikuwa mtaa mmoja, mmoja akisahau mwingine anakumbusha. Sasa nyumba moja iko Pemba, nyingine Nampula, nyingine Mtwara, na hakuna mwenye majina yote. Akanipa kaderno.

"Niandikie marehemu kwenye simu. Watu wote waombee watu walewale."

Nyie, nilifurahi! Nani mwingine kwenye ukoo huu anajua herufi za Kiarabu na simu pia? Mimi tu. Kutengeneza picha, maandishi, mapambo, hamna aliyenifundisha, nimejifunza mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Nikakaa siku nne. Majina mia na kumi na mbili. Nikaandika na kina mama wote kama alivyoandika yeye, nikajaribu kutuma, epá, refu! Meseji inakatika katikati, inasema soma zaidi. Nikajisemea, nani atabonyeza soma zaidi? Hamna. Nikafuta kina mama. Wote. Dakika kumi tu. Halafu nikaona hivi majina yamekuwa mafupi yanaingia kwenye picha, nikatengeneza picha nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, juu MAREHEMU WETU, pembeni maua, chini kidogo nikaandika "kutoka kaderno ya Bi Rachida, Palma". Ilipendeza kweli, sitawadanganya.

Shangazi akauliza, "Umeandika yote?"

"Yote, shangazi."

Hilo "yote" ndo nalala nalo na kuamka nalo.

Nikaituma kwenye grupu la ukoo, watu themanini na tatu. Mioyo ikamiminika. "Mashallah mtoto kasoma." "Allah akulipe Zaida." Nikatembea wiki nzima kama nina gari.

Mariamo hakuwemo kwenye grupu. Mariamo ni mke wa kaka Amido. Siku ile ya kukimbia Amido alikuwa kazini mbali na nyumbani, yeye akakimbia na watoto wawili, mdogo, Yuran, mgongoni. Wakapotezana hapohapo. Miaka minne yuko Pemba kwa mama yake, na miaka minne wajomba zake wanamwambia aangalie maisha, na yeye jibu lake ni moja: "Nani kamzika? Nionyesheni aliyemzika." Hakuna wa kuonyesha, basi wanaondoka.

Picha yangu ikafika kwake kwa simu ya jirani. Namba arobaini na saba, Amido Abudo. Akasoma na ile ya chini, kaderno ya Bi Rachida. Mama yake alikuja kutuhadithia baadaye: alikaa na simu muda mrefu, halafu akasema, "Rachida haandiki mtu bila kuuliza wawili." Akaomba maji ya kuoga, akaingia eda.

Mnaona? Wajomba miaka minne hakuwaamini. Aliiamini kaderno.

Sisi hatukujua kitu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, ndo ikaja odio kwenye simu, ujumbe wa sauti wa mama yake Mariamo. Shangazi alikuwa anachuja bajia, akaniambia niiweke kwa sauti. Yule mama anaongea kwa uchungu: "Bi Rachida, hatukuwatarajia hivi. Mwanangu mwezi wa tatu huu yuko eda ya kijana wenu, hakuna hata mmoja kutoka Palma aliyesema pole."

Shangazi akashika kijiko hewani.

"Eda ya nani?"

Mimi nilishajua. Akaniambia nilete ile picha, niisome kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika arobaini na saba akanisimamisha.

"Amido Abudo wa nani?"

"Wa Bi Atija."

"Umesoma hapo kwa Bi Atija?"

"Hapana."

"Yuko wapi Bi Atija?"

"Nilimfuta, shangazi. Ilikuwa ndefu."

Afadhali angenipiga. Bajia ziliungua, akazimwagia mbuzi, akakaa kwenye kigoda. Akasema taratibu, "Kaderno yangu imeua mtu." Kesho yake hakwenda sokoni, keshokutwa pia hakwenda. Watoto wakapita wanaimba Registo, Registo, hakutoka. Ndoo akaisukuma chini ya kitanda. Na mimi ndani ya nyumba hiyohiyo, naosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Siku ya tatu akanipa simu.

"Mpigie Mariamo. Mwambie."

"Shangazi, wewe ndo mkubwa, wewe..."

"Mimi ndo niliandika?"

Nikapiga.

"Shikamoo wifi. Mimi Zaida, wa kwa Shangazi Rachida."

"Marahaba wifi yangu! Nilishasema mmetutupa."

"Wifi, ile picha ya majina..."

"Ninayo. Nimeitunza. Kila Ijumaa nawasomea watoto, Yuran anajua baba yake ni namba ngapi."

Nilitaka kukata. Wallahi nilitaka kukata.

"Wifi, huyo si mumeo. Huyo ni babu yake, yule aliyezikwa Mbau. Mimi ndo niliyeandika. Nilifuta jina la mama."

Nikamsikia jogoo wa kwao.

"Sasa mume wangu yuko wapi?"

"Hatujui."

"Hamjui kama kafa?"

"Hatujui lolote, wifi. Ni kama zamani."

"Kama zamani." Akacheka, lakini si kicheko. "Hebu niambie wewe uliyesoma. Mimi hapa nilipokaa, mjane au mke wa mtu? Wajomba washampa neno Abdulai wa duka la vitambaa. Siku natoka eda anakuja kuposa. Nimwambie nini? Mtoto wa Palma alikuwa na haraka?"

Akakata yeye.

Nikamrudishia Shangazi kila neno, hata la Abdulai. Hapo ndo akainuka. Akahesabu kwa vidole: eda ikibaki hivi, posa siku hii. Kama Amido yuko hai, mke wa mtu anaolewa kwa sababu ya picha yetu. Kama kafa kweli, basi ajue kwa ukweli. Akaivuta ndoo kutoka chini ya kitanda.

"Kaderno ya nne. Geuza nyuma."

Nyuma kulikuwa na kurasa ambazo mimi sikuzigusa. Niliziona wakati naandika, nikazipita. Ni za ndugu wa kunyonya. Mama akiumwa au maziwa yakikatika, jirani anamnyonyesha mtoto, na hao wawili walionyonya ziwa moja wanakuwa ndugu, hata kuoana hawawezi. Shangazi anawaandika wote, ili miaka ishirini mbele msije mkaozesha kaka na dada.

"Hizi uliziandika kwenye simu?"

"Hapana. Niliona si ukoo."

Akateremsha kidole: Amido wa Bi Zainabo. Mama yake alishikwa na homa baada ya kujifungua, mtoto akanyonyeshwa siku arobaini na Bi Muanema wa Mute, pamoja na mwanawe Rizuane.

"Ndugu wa damu nimeshawauliza wote miaka minne hii," Shangazi akasema. "Wa ziwa sikuuliza. Hilo ni kosa langu mimi, usije ukalibeba na hilo."

Alisema hivyo kunipunguzia. Haikupungua.

Custódio akatupakia kwenye pikipiki mpaka Mute, Shangazi nyuma, mimi katikati nimebanwa kama muhogo kwenye gunia. Tukaulizia kwa Rizuane, tukamkuta juu ya paa anaezeka. Shangazi hata salamu hakumaliza.

"We Rizuane wa nani?"

"Wa Bi Muanema. Karibuni."

"Ulinyonya na nani?"

Jamaa akacheka mpaka akashika boriti. "Mama, nina miaka thelathini na tano, leo ndo mnakuja kuniuliza habari za kunyonya?"

"Jibu, mwanangu."

"Na Amido. Wa Quiterajo."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Kaburi?" Akashuka kwenye ngazi. "Kaburi gani, mama? Mwezi uliopita kanipigia simu ananiomba misumari!"

Shangazi akakaa mchangani palepale na nguo zake safi. Mimi nilipiga ukelele, mbuzi wakatawanyika, Custódio akadhani nimeumwa na nyoka.

Kumbe Amido yuko Nangade, anafyatua matofali. Alipoteza simu na namba zote siku ile ya kukimbia; na Rizuane walikutana mwaka huu tu, naye hakujua kama kuna wanaomtafuta. Akaambiwa mkewe kavuka kwenda Mtwara, akamfuata, katafuta miaka miwili huko, nyumba kwa nyumba, akarudi mikono mitupu. Rizuane akapiga, akampa Shangazi.

"Amido wa Bi Zainabo?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Mimi shangazi yako Rachida, Palma. Mkeo tunaye. Yuko Pemba kwa mama yake, na watoto wote wawili."

Halafu sauti ikaja ndogo. "Na Yuran?"

"Na Yuran. Ila mkeo yuko eda."

"Eda ya nani?"

"Yako. Ulikufa."

"Nimekufa lini, shangazi?"

"Shaabani."

"Mbona sina habari! Nani kaniua?"

Shangazi akaninyooshea simu. "Anataka aliyemuua."

Nikaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakabaki mawili, samehe kaka. Akasema, "Mtoto, umenipatia mke wangu, unaomba msamaha wa nini?" Hakujua. Nikamwambia yote kuanzia kwenye soma zaidi. Aliposikia watoto wanasomewa jina lake kila Ijumaa, hakusema nimekusamehe. Alisema, "Nipe namba ya Pemba," tukampa.

Waliongea siku hiyo mpaka salio likaisha pande zote mbili. Abdulai wa vitambaa kaambiwa, na kwa haki yake, alituma salamu nzuri. Amido alimalizia tanuri la matofali, akalipwa, akaondoka, na jana ndo hiyo jana niliyowaambia.

Mariamo alinipigia jioni. Nikaanza tena samehe wifi, akanikatiza.

"Zaida, nakuomba kitu kimoja. Siku nikifa kweli, usiniandike wewe."

Akacheka, safari hii kicheko chenyewe, nikacheka na machozi. Halafu akasema, nitawaambia ilivyo, kwamba Yuran hajakubali. Ana miaka mitano. Baba yake kamletea karanga, kampakata, na mtoto anamwangalia ndevu na kumwambia kwa adabu kabisa, "Baba yangu kafa. Iko kwenye simu." Wakamwambia ilikosewa. Akasema, "Mama alisoma Ijumaa nyingi."

Hiyo siwezi kuifuta. Nimefuta picha kwenye grupu, nimefuta kwenye simu yangu, simu ya baba, simu ya Custódio. Kichwani kwa Yuran siwezi. Mariamo anasema atazoea. Mimi nasema inshallah, halafu nakumbuka ile wiki niliyotembea kama nina gari.

Shangazi karudi sokoni. Ndoo iko mezani, na kila baada ya alasiri tunaandika upya, jina moja moja, anatamka yeye, naandika mimi, halafu namsomea tena, jina, baba, mama, limetoka kwa nani. Refu? Refu. Tumefika sitini na tatu. Ananiita Registo mdogo, sijui ananisifu au ananichoma, sijauliza.

Sasa, kilichonifanya niandike yote haya. Ile picha ilishatoka mkononi mwangu. Imepita kwenye magrupu ambayo siyajui, juzi mtu wa Nacala kampigia Shangazi kuuliza "yule Cassimo Carimo" ni yupi, maana nao wana Cassimo Carimo wao aliyepotea. Kati ya yale majina mia na kumi na mbili, mangapi kuna mtu mahali ana jina hilohilo na mkewe anamsubiri? Sijui. Hilo ndo linaninyima raha hata na kanga nyekundu ile.

Kwa hiyo naomba. Ukiiona picha nyeusi ya maandishi ya dhahabu, MAREHEMU WETU, usimlilie mtu kwa sababu yake, mpigie kwanza Shangazi Rachida umuulize huyo ni wa mama gani. Halafu ifute. Na kama uliwahi kuituma kwa mtu, hata mmoja, mtumie na hii.